Mlinzi wa Usiku, Muguka na Chupa ya Chai: Uchambuzi wa Kisa cha Uzito na Presha

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha mwanamume wa miaka 49, mlinzi wa usiku kwenye lango la jengo la makazi mtaani Kilimani, Nairobi, anayeishi Kawangware na mkewe na watoto wao watatu. Ameridhia kiandikwe, na maelezo ambayo yangeweza kumtambulisha yameondolewa. Matokeo yake si ya kustaajabisha, na msomaji anayetafuta habari za mtu aliyepungua kilo thelathini hatazipata humu. Nimekiandika kwa sababu ushauri aliokuwa amepewa na kila mtu kabla ya kutufikia, kwamba afanye mazoezi zaidi, ni ushauri mwema unaowafaa wengi, na ambao kwake yeye haukuwa na kazi yoyote ya kufanya.

Alifika kliniki asubuhi akitoka lindo, sare ikiwa bado mwilini, na hakuja kwa ajili ya uzito. Kaka yake mkubwa alikuwa amepatwa na kiharusi huko Magharibi mwa Kenya, upande mmoja wa mwili umelemaa, na familia nzima ilikuwa ikichanga pesa za matibabu. Alitaka kujua kama na yeye yumo katika njia hiyo. Afisa wa kliniki alimpima, akaandika aliyoyaona, kisha akamleta kwangu katika chumba cha lishe.

Uzito wake ulikuwa kilo 91 na urefu mita 1.71, jambo linaloufanya uwiano wa uzito na urefu kuwa 31.1, na unene wa kupindukia huanza kuhesabiwa 30. Kiuno kilikuwa sentimita 106. Kwa mwanaume, hatari ya kisukari na maradhi ya moyo huhesabiwa kuwa imeanza kupanda kiuno kinapofika sentimita 94, na kuwa kubwa kinapopita 102. Kwa hiyo kitambi chake kilikuwa kinatueleza zaidi kuliko mizani. Presha ilikuwa 148/94. Aliporudi siku nyingine bila kula, sukari ilikuwa milimoli 6.4 kwa lita, na kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa takribani miezi mitatu iliyopita, kilikuwa asilimia 6.2. Vipimo vyote viwili viko katika ukanda wa kabla ya kisukari: ugonjwa wenyewe huthibitishwa HbA1c inapofika 6.5, au sukari ya kabla ya kula inapofika 7.0. Tulitaka vyote viwili kwa makusudi. HbA1c hupotoka kwa mwenye upungufu wa damu au mwenye chembe za selimundu (sickle cell), na watu wenye asili ya Magharibi na Nyanza wamo miongoni mwa wanaozibeba zaidi nchini Kenya, mara nyingi pasipo kujua. Figo na mkojo havikuwa na kasoro. Havuti sigara, na pombe huionja kwenye sherehe.

Nilipofungua mdomo kuuliza kuhusu mazoezi, alinikatiza kwa heshima.

"Daktari, mimi natembea kuliko wewe."

Sisi wa lishe huitwa daktari kama wengine wote katika kliniki, na tumeshachoka kusahihisha. Kuhusu kutembea, alisema kweli tupu. Huondoka nyumbani saa kumi na moja jioni, akapita Valley Arcade kwa miguu ili aokoe nauli, akaingia lindoni saa kumi na mbili. Asubuhi hurejea kwa njia ile ile. Kila upande ni kama kilomita nne na nusu, na kwa mwendo wake wa kawaida ni dakika hamsini hivi. Kwa usiku sita wa kazi, hizo ni dakika 600 kwa wiki. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani, yaani ule ambao mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Mlinzi huyu alikuwa ametimiza mara mbili ya kiwango cha juu, na bado suruali ya sare ilikuwa imebadilishwa saizi mara mbili ndani ya miaka michache.

Yeye si kioja. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza nchini Kenya ulikuta kwamba watu wazima wasiofikia kiwango cha mwendo kinachopendekezwa walikuwa asilimia 6.5 tu, huku asilimia 27 wakiwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia, na karibu robo wakiwa na presha ya juu. Ushauri wa afya unaoanzia na kuishia kwenye mazoezi ulitungwa kwa watu wanaoshuka kitandani, wakaingia garini, wakaketi ofisini na kurudi garini. Nairobi ina watu kama hao, na wengi wao wanaishi katika majengo anayoyalinda bwana huyu, lakini yeye si mmoja wao.

Kuna sababu ya kimaumbile pia. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nishati wanayotumia Wahadza wa kaskazini mwa Tanzania, ambao huwinda, huchimba mizizi na kutembea kutwa. Ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, nishati yao ya siku haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaoishi kwenye viti. Maelezo ambayo Pontzer ameyatetea tangu hapo ni kwamba mwili uliozoea mwendo mwingi hubana matumizi kwingine. Wataalamu wanabishana kuhusu ukubwa wa kubana huko, ila majaribio ya kupunguza uzito yanakubaliana kwa jambo moja: mazoezi peke yake, bila kugusa chakula, hupunguza kilo chache.

Hapa nilimweleza jambo ambalo naona ni muhimu kuliko mengine yote niliyomwambia siku hiyo, kwa kuwa alikuwa ameanza kufikiri kwamba kama kutembea hakupunguzi tumbo, basi afadhali apande matatu. Msuli unaotembea huvuta sukari kutoka kwenye damu kwa njia isiyoihitaji insulini, mishipa hulegea, presha hushuka kidogo. Kazi hiyo inafanyika hata mizani isiposogea. Kwa mtu mwenye sukari ya 6.4 na kaka mwenye kiharusi, inawezekana kabisa kwamba kilomita zile ndizo zilizomzuia asivuke mpaka wa kisukari mapema. Tukaandika kwenye faili lake kwamba kutembea ni cha kulindwa, si cha kuongezwa.

Kabla ya kuja, alikuwa amejaribu mambo mawili. Jirani alimpa chai ya kupunguza tumbo iliyonunuliwa mjini, na kwenye pakiti, kwa herufi ndogo, kulikuwa na sanamaki, ambayo ni dawa ya kuharisha ya tangu zama za mababu. Alipungua kilo mbili ndani ya wiki moja, zikarudi zote alipoacha, kwa sababu yalikuwa maji. Halafu mwenzake kazini alimwambia aache ugali kabisa. Aliacha, na hapo pana kisa chenyewe, maana mtu aliyeacha ugali wa jioni alifika lindoni na njaa, na njaa ya usiku wa manane langoni Kilimani haitulizwi na sukuma wiki bali na kile kilichomo katika chupa ya chai.

Nilimwomba aje na mkewe, na waje na chupa hiyo. Ni chupa ya lita mbili, ya kawaida, yenye maua mekundu. Mkewe huipika chai ya maziwa saa kumi jioni na kuitia sukari humo humo kwenye sufuria, kwa kikombe kidogo cha plastiki ambacho zamani kilikuwa kifuniko cha dawa ya kikohozi. Nilimpa kikombe hicho na pakiti ya sukari, nikamwomba apime kama apimavyo kila siku. Alichota vikombe vinne, kila kimoja kikiwa na kilele, akavimimina kwenye mizani yangu ya jikoni. Ikasoma gramu 80. Mama akaiangalia mizani, akamwangalia mumewe, akauliza kama mashine ni nzima. Tulirudia, ikawa 82. Chai hiyo yote huinywa mtu mmoja, kati ya saa moja jioni na alfajiri.

Kisha likaja suala la soda, na soda ikatufungulia mlango wa muguka. Walinzi wengi wa usiku jijini hutafuna miraa au muguka ili wasisinzie, na utomvu wake ni mchungu, kwa hiyo hufuatanishwa na kitu kitamu: soda, peremende, chingamu. Yeye hununua fungu la muguka na chupa ya nusu lita ya soda ya kola karibu kila usiku wa kazi. Soda hiyo ina sukari ya gramu 53 hivi. Ukijumlisha na ya chai unapata gramu 133, yaani kama kilokalori 530, zote za kunywa, zisizojaza tumbo. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari iliyoongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,500 hiyo ni gramu 62 hivi. Alikuwa amepita mara mbili kabla hajatia tonge la ugali mdomoni.

Sikumlaumu, na sidhani kuna haki ya kumlaumu. Kampuni inamlipa akae macho saa kumi na mbili mfululizo, na sukari na muguka ndivyo vifaa vya bei nafuu vya kutimizia mkataba huo.

Muguka ulileta tatizo la kitabibu ambalo afisa wa kliniki alilitambua kabla yangu. Dutu iliyomo katika miraa na muguka, kathinoni, hupandisha mapigo ya moyo na presha kwa saa kadhaa. Presha ya 148/94 ilipimwa asubuhi, baada ya usiku wa kutafuna na kukosa usingizi, kwa hiyo kumwandikia mtu dawa ya maisha kwa kipimo hicho kimoja kungekuwa haraka. Tulimtumia mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaani kwao, mmoja wa wale 100,000 waliokabidhiwa mikoba ya vifaa na serikali mwezi Septemba 2023, na mikoba hiyo ina mashine ya presha. Alimpima nyumbani alasiri ya siku ya mapumziko, akiwa ameketi, hajatafuna tangu jana yake. Ikawa 144/92, na siku ya pili 145/91. Presha ilikuwa ya kweli.

Swali lililofuata ni lile ambalo watu wengi hulijibu vibaya: je, tungoje uzito ushuke kwanza, pengine presha ifuate? Mgonjwa mwenyewe alitaka hivyo, kwa hofu inayojulikana kwamba ukianza dawa za presha huachi tena. Uchambuzi wa majaribio 25 uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba kila kilo moja inayopungua hushusha namba ya juu ya presha kwa kama nukta moja, yaani milimita moja ya zebaki. Kumtoa mtu kutoka 145 hadi chini ya 130 kwa uzito pekee kungehitaji kilo kumi na tano, na miaka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaelekeza dawa zianze presha inapothibitishwa kuwa 140/90 au zaidi, ikiwezekana ndani ya wiki nne. Kuna pia onyo kutoka jaribio la Marekani lililoitwa Look AHEAD, ambalo liliwafuata watu 5,145 wenye kisukari na uzito mkubwa: walioelekezwa kwenye mpango mkali wa lishe na mazoezi walipungua, wakapata nafuu katika mambo mengi, lakini jaribio lilisimamishwa mwaka 2012 kwa kuwa mashambulio ya moyo na viharusi havikupungua kuliko kwa kundi la pili. Mtu anayeogopa kiharusi hapaswi kuambiwa kwamba mizani ndiyo itakayomkinga.

Alianzishiwa amlodipini ya miligramu 5. Uchaguzi wa dawa una ushahidi wa kwetu: jaribio la CREOLE, lililochapishwa mwaka 2019, lilifanywa kwa wagonjwa 728 weusi katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwamo, na michanganyiko yenye amlodipini ilishusha presha vizuri kuliko mchanganyiko usiokuwa nayo. Katika mwezi wa pili vifundo vya miguu vilimvimba kidogo, jambo ambalo dawa hii hulifanya na ambalo kwa mtu wa kusimama langoni linasumbua. Aliambiwa ainue miguu anapolala, uvimbe ukapungua, hakuacha dawa. Angeacha, nadhani, kama hangekuwa ameonywa mapema.

Katika chakula tuligusa machache. Sukari ya chupa ilishushwa kutoka gramu 80 hadi 30, kwa hatua, robo ya kikombe kila wiki, ili ulimi uzoee. Mama ndiye aliyesimamia, na baada ya mwezi akasema watoto nao hawaitaki tena ile ya zamani. Soda ilibaki usiku mbili kwa wiki. Hesabu ya vitu hivi viwili ni upungufu wa karibu kilokalori 320 kwa siku. Ugali ulirudi mezani, na hili lilimfurahisha kuliko yote, ila sahani ilibadilika sura: nusu yake mboga, iwe sukuma, managu, terere au kunde, robo ugali, robo ndengu, maharagwe au omena. Sikuona sababu ya kupigana na unga. Jaribio la DIETFITS la mwaka 2018 liliwagawa watu 609 kwa kura, wengine wapunguze mafuta, wengine wapunguze wanga, na baada ya mwaka mmoja kundi la kwanza lilikuwa limepungua wastani wa kilo 5.3 na la pili 6.0, tofauti isiyo na uzito wa kitakwimu. Lishe itakayoshikwa ndiyo ya kuchaguliwa, na mtu wa Magharibi asiye na ugali hashiki chochote zaidi ya wiki tatu.

Chumvi ilikuwa katika vidonge vya viungo, vinavyotiwa kwenye mboga mbili mbili, kisha chumvi ya kawaida juu yake. Kiwango kinachoshauriwa ni chini ya gramu tano kwa siku kwa jumla, kama kijiko kimoja cha chai. Tuliviondoa vidonge, mahali pake pakaingia dania, kitunguu saumu na ndimu. Mboga nyingi na kunde za jamii ya maharagwe zina kazi yake hapa: katika jaribio la DASH la mwaka 1997, watu wenye presha waliolishwa mboga, matunda na maziwa yenye mafuta kidogo walishuka nukta 11 hivi katika namba ya juu ya presha, bila kupungua uzito. Mafuta ya kupikia niliyataja mara moja tu, kwamba kijiko kimoja kikubwa kina kilokalori 120. Mama hununua mafuta ya kupima, ya siku kwa siku, na uchumi wenyewe umeshamwekea mpaka.

Usingizi ulichukua muda mrefu zaidi kuupanga, na ndipo niliposhindwa kwa nusu. Hufika nyumbani saa moja asubuhi, akalala saa mbili, na saa sita na nusu joto la mabati humwamsha, au fundi wa kuchomelea vyuma aliye nyuma ya plot. Saa nne na nusu, kwa siku sita. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2022 liliwachukua watu 80 wenye uzito uliozidi waliokuwa wakilala kidogo, nusu wakasaidiwa kurefusha usingizi. Walipoongeza kama saa moja na dakika kumi hivi, walikula kilokalori 270 pungufu kwa siku pasipo kuambiwa wapunguze chakula. Kwa hiyo usingizi ni sehemu ya tiba kama ilivyo sahani. Walitundika pazia zito, wakabandika maboksi ya karatasi chini ya mabati kwenye kona ya kitanda, simu ikawa inabaki kwa mama. Alifikia saa tano na nusu. Fundi bado anachomelea.

Kuhusu saa za kula, kuna jaribio dogo la maabara la mwaka 2021, la watu 19, waliowekwa katika hali ya kazi ya usiku. Waliokula usiku sukari yao ilipanda. Waliokula mchana pekee, ingawa walikesha vile vile, haikupanda. Watu 19 ni wachache, na maabara si Kilimani, kwa hiyo nililichukua kama dokezo. Tulikihamisha chakula kikuu hadi saa kumi na nusu jioni kabla hajaondoka, mayai mawili ya kuchemsha au mahindi yakawa ya saa tano usiku, na mandazi na maharagwe ya saa kumi alfajiri, ambayo alikuwa akiyanunua kwa mama wa kibanda aliye jirani na lango, yakaondolewa. Wiki mbili za kwanza alilalamika. Kisha akagundua kwamba saa kumi alfajiri alichokuwa nacho kilikuwa baridi na uchovu, na kwamba koti na chai ya moto vilitosha.

Mazoezi yaliyoongezwa ni ya nguvu tu, kwa sababu kutembea hakukamilishi upande huo, na mwongozo ule wa 2020 unataka misuli mikubwa ifanyishwe kazi angalau siku mbili kwa wiki. Mtungi wa maji wa lita 20, uliojaa nusu, aliunyanyua kutoka chini hadi kifuani, aliketi na kuinuka kwenye kiti cha lango bila kutumia mikono, alisukuma ukuta. Mara tatu kwa wiki, saa nane usiku, ambapo pia humwondolea usingizi. Kiasi gani cha muguka kimepungua kwa ajili hiyo sijui kwa hakika. Yeye anasema nusu, mkewe anasema theluthi.

Nilimwonya mapema kuhusu kasi. Watu huhesabu kwamba wakipunguza kilokalori fulani kwa siku watashuka kilo kadhaa kila mwezi bila kikomo, na mahesabu hayo hukosea kwa kuwa mwili unavyopungua ndivyo unavyohitaji kidogo. Kevin Hall na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba kila punguzo la kudumu la kilokalori 24 kwa siku huishia kwenye kilo moja pungufu, nusu yake ikipatikana ndani ya mwaka wa kwanza na karibu yote ndani ya miaka mitatu. Kwa kilokalori 320, kama zingeshikwa barabara, tungetarajia kilo saba hivi mwaka wa kwanza, na kama nne katika nusu ya mwaka.

Baada ya miezi sita mizani ilisoma kilo 86.9. Zimepungua kilo 4.1, asilimia 4.5 ya uzito wa mwanzo. Kiuno kilikuwa sentimita 101, presha ya nyumbani 131/83, sukari ya kabla ya kula 5.8 na HbA1c 5.9. Tafsiri yake inahitaji uangalifu. Presha imeshuka nukta kama kumi na nne, na kilo nne zinaweza kueleza nne kati ya hizo. Nyingi zilizobaki ni za amlodipini, na chumvi na muguka zina fungu lao ambalo kwa mgonjwa mmoja haliwezi kutenganishwa. HbA1c imeshuka kwa 0.3, na tofauti hiyo iko karibu na mipaka ya kosa la kipimo chenyewe; ninaiamini kwa sababu sukari ya kabla ya kula imeelekea upande ule ule. Lengo la asilimia 7, lililotumiwa katika jaribio kubwa la Marekani la kuzuia kisukari, hajalifikia, kwake lingekuwa kilo 84.6. Katika jaribio hilo, lililochapishwa mwaka 2002 likiwa na watu 3,234, lishe na mwendo wa dakika 150 kwa wiki vilipunguza wanaopata kisukari kwa asilimia 58, na metformini, dawa ya kushusha sukari, kwa asilimia 31. Tulizungumzia metformini na tukaiacha. Ilifaa zaidi kwa vijana kidogo na kwa wenye uwiano wa 35 na kupanda, naye hayumo katika makundi hayo.

Aliniuliza kama sasa kisukari hakitampata. Nilimpa jibu la Da Qing, mji wa China ambako mwaka 1986 watu 577 wenye hali kama yake waliandikishwa, wengi wao wakafundishwa lishe na mazoezi kwa miaka sita, kisha wakafuatwa kwa miaka thelathini. Waliofundishwa walipata kisukari wakiwa wamechelewa karibu miaka minne kuliko wenzao, na vifo vya moyo na mishipa miongoni mwao vilikuwa pungufu kwa theluthi. Alinyamaza kidogo akihesabu. Miaka minne, akasema, mtoto wa mwisho atakuwa amemaliza sekondari.

Mkewe alipimwa na mhamasishaji yule yule, ikaonekana presha 138/88, haijawahi kupimwa tangu alipojifungua. Naye atapimwa tena.

Lililobaki mezani limeletwa na mwajiri. Amepandishwa cheo kuwa msimamizi wa malindo, atazunguka kwa pikipiki ya kampuni kukagua malango usiku, mshahara umeongezeka, na amekubali, kama ambavyo mtu yeyote mwenye karo ya kulipa angekubali. Dakika 600 za wiki zitatoweka kwa mpigo mmoja. Tumepanga pikipiki ilale kwenye ofisi ya kampuni Kilimani badala ya kwenda nayo nyumbani, ili safari ya asubuhi angalau ibaki ya miguu, na hiyo peke yake ni dakika 300. Msimamizi mkuu hajajibu. HbA1c iliyokuwa irudiwe baada ya mwaka tumeisogeza, itapimwa miezi mitatu baada ya kuanza cheo kipya, pamoja na kiuno, na presha itachukuliwa nyumbani kila mwezi. Ikipita 140/90 mara mbili, afisa wa kliniki ataongeza dawa ya pili bila kungoja.